Kichupa cha Saba

Mwanamke huyu alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakuona haya kulisema. Aliogopa radi, mbwa, ngazi ndefu, na simu inayoita kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo majirani waliposikia kwamba amepata kazi ya kuwatoa mamba damu, walidhani ni utani. "Wewe?" aliuliza mmoja wao. "Wewe unayemkimbia jogoo?" Akajibu kwamba jogoo hafungwi mdomo.

Kabla ya hapo alikuwa ametoa watu damu miaka kumi na minne katika maabara ya zahanati. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba watoto waligundua kwamba wamechomwa baada ya pamba kuwekwa. Zahanati ilipopunguza wafanyakazi, akakaa nyumbani miezi minane. Kisha akasikia kwamba shamba la mamba nje ya mji linatafuta mtu wa kutoa damu kwa ajili ya utafiti. Alikwenda huku magoti yakigongana, na akachukuliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza.

Pale shambani walimwita Sindano. Mwenzake alikuwa mwanamume mfupi mnene waliyemwita Kamba, aliyekuwa na kazi ya kuwakamata mamba. Kamba alimtupia mamba kitanzi shingoni, akamvuta hadi kwenye saruji, akamfunga mdomo kwa utepe wa mpira, akamfunika macho kwa gunia lililolowa, kisha akamkalia mgongoni kama mtu aliyekaa kwenye benchi la kinyozi. Hapo ndipo Sindano alipopiga goti nyuma ya kichwa. Alipapasa kwa kidole katikati ya magamba ya shingo, akatafuta pale panapobonyea, akaingiza sindano ikiwa imesimama wima. Ikizidi kidogo inafika kwenye uti wa mgongo. Ikipungua hakitoki kitu. Damu ilipopanda kwenye bomba, nzito na ya baridi, ndipo alipokumbuka kupumua.

"Hujazoea tu?" Kamba alimwuliza baada ya mwaka mzima.

"Siku nitakayozoea ndiyo siku nitakayoliwa."

Damu hiyo iliachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine, na juu yake yakabaki maji ya rangi ya manjano. Wao waliyaita maji ya damu. Hayo ndiyo aliyoyataka Mtafiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini aliyekuwa na maabara yake mjini. Mtafiti alitaka kujua jambo moja: kwa nini mamba wanang'atana, mmoja anapoteza hata kiganja, kisha anarudi kwenye maji yale yale yenye kinyesi na mabaki ya nyama, na kidonda kinafunga bila usaha.

"Mwili wake haungoji kujifunza adui ni nani," alimweleza Sindano siku za mwanzo. "Kinga hii anazaliwa nayo. Kwenye damu kuna protini zinazoelea muda wote, ziko tayari. Zikikutana na kijidudu zinakigandama, zinakitoboa, kinapasuka. Hata sisi tunazo, ila za mamba zinawahi, na hazichagui sana."

Kisha akamwonyesha sahani mbili zilizooteshwa bakteria. Kwenye moja walidondosha maji ya damu ya mtu, na bakteria wakaendelea kuota kama ukungu juu ya mkate. Kwenye nyingine walidondosha ya mamba, na pale tone lilipoangukia pakabaki duara tupu, safi kama kioo.

Sindano alirudi nyumbani jioni ile akamsimulia mumewe. Hilo ndilo alilolijutia baadaye.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, kwenye cherehani ya kukanyaga ambayo hakutaka kuibadilisha kwa ya umeme, akidai mguu wake unajua kona kuliko mota yoyote. Alikuwa na kisukari, na alijichoma insulini asubuhi na jioni bila kelele. Lakini kiatu kipya kilikuwa kimemchubua mguu wa kulia, karibu na kidole kidogo, na mchubuko ule ukawa kidonda. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Hospitali hakutaka kuisikia. Rafiki yake mmoja, fundi vilevile, aliingia kwa kidonda cha ukubwa wa kifungo akatoka na mguu mmoja.

"Fundi bila mguu ni nani?" aliuliza kila mkewe alipolitaja jambo hilo. "Wanishonee sanda kabisa."

Basi Sindano alimsafisha mwenyewe kila jioni. Alijua, kwa kuwa alikuwa mtu wa maabara, kwamba harufu ya kidonda ilikuwa imebadilika. Alijua na hakusema, kwa sababu akisema ingekuwa kweli. Badala yake alimpa mumewe hadithi za mamba ili asiangalie chini. Kila jioni moja: yule mkubwa aliyekatwa mkia, yule jike aliyepasuliwa ubavu akapona ndani ya wiki tatu. Mume alisikiliza. Dada yake, ambaye kwa Sindano ni wifi, alikuwa amekuja kumwuguza kaka yake, naye alisikiliza pia, akimenya viazi.

Siku za Alhamisi Sindano alitoka shambani na kijisanduku cha barafu chenye vichupa kumi na viwili vya maji ya damu. Gari la shamba lilimpitisha nyumbani kwanza, aoge na kubadili nguo, maana Mtafiti hakutaka tope la bwawa kwenye maabara yake. Kijisanduku kilikaa juu ya meza ya jikoni. Alhamisi moja wifi yake alikigusa mfuniko akauliza, "Hii ndiyo ile dawa?"

"Si dawa, wifi. Ni damu tu ya kupimwa," alijibu Sindano kutoka bafuni, sabuni ikiwa usoni.

Alipofika maabara alimkuta Mtafiti ameinama mbele ya mirija ya kioo. "Njoo uone kitu," Mtafiti alimwita. Ndani ya mirija mlikuwa na maji mekundu ya ukungu, kama yaliyotiwa vumbi la matofali. "Hizi ni chembe nyekundu za damu ya kondoo. Nimezitilia maji ya damu ya mamba ya wiki iliyopita. Tazama."

Sindano akatazama. Ukungu ulikuwa unapotea. Muda mfupi tu, maji yale yakawa maangavu, mekundu ya kuona upande wa pili.

"Zimekwenda wapi?"

"Zimepasuka. Zote. Ndivyo tunavyopima nguvu yake."

"Kondoo naye kakosa nini?"

"Hana kosa. Ni mgeni tu. Kinga hii haiulizi kama wewe ni ugonjwa au ni kondoo."

Sindano alicheka kwa adabu, akafungua kijisanduku, akaanza kupanga vichupa kwenye kishikio. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Baada ya cha sita kikafuata cha nane. Akapekua barafu. Akageuza kijisanduku juu chini. Akatoka nje kumpigia Kamba simu.

"Cha saba kimebaki huko?"

"Hapana. Nilivipanga mwenyewe, vyote kumi na viwili. Kwani vipi?"

Hapo ndipo lilipomjia: mkono wa wifi yake juu ya mfuniko, na neno lile, dawa. Akapiga simu ya mumewe, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga ya wifi yake, imezimwa. Akarudi ndani akamwambia Mtafiti kwamba kichupa kimoja amekisahau shambani, anakifuata. Mtafiti akasema kinaweza kungoja kesho. Sindano alikuwa amekwishafika mlangoni.

Alipanda teksi, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida. Njia nzima aliona ule mrija wa kioo ukigeuka kutoka ukungu kuwa mwangavu, na ndani ya mrija alimwona mumewe.

Alimkuta amekaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani, anashona kola, uso umetulia kupita kiasi. Juu ya meza palikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe kichupa chenye namba saba, kimefunguliwa na kupungua kidogo. Kando yake bomba la insulini.

"Umefanya nini?"

Mume hakuinua macho. "Mistari kumi tu. Kama insulini yangu."

"Umejichoma wapi?"

"Pajani."

"Saa ngapi?"

"Ulipotoka tu."

Wifi yake alitokea mlango wa uani, mikono imelowa, akasimama pale pale. Sindano alimgeukia na maneno yakamtoka bila kupimwa: kwamba ni mwizi, kwamba ameua, kwamba akusanye vitu vyake. Aliyejibu ni mume.

"Mwache dada. Mimi ndiye niliyemtuma. Yeye alikataa mara mbili." "Mamba anapona ndani ya kinyesi, mimi naoza ndani ya shuka safi. Ulitaka nifanye nini?"

Sindano alipiga magoti akamfunua paja. Pale alipojichoma palikuwa pamevimba kama kiganja cha mtoto, pekundu, pa moto. Akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, na mapigo yalikwenda mbio, ila hakujua kama ni ya mumewe au ni vidole vyake mwenyewe vinavyotetemeka. Mume alimtazama usoni, na hapo kwa mara ya kwanza naye akaingiwa na hofu.

"Mbona umekuwa hivyo? Si ulisema inaua vijidudu?"

"Inapasua chembe za damu pia. Nimeiona leo hii kwa macho yangu."

Hakuna aliyebisha tena habari ya hospitali. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini akiuona mkono anaushika. Teksi ilikuwa bado inageuza mbele ya nyumba, wakamwingiza mume nyuma, wifi akaingia naye bila kuulizwa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye miwani na sauti ya mtu aliyelala kidogo. Aliuliza mgonjwa amechomwa nini. Mume akatazama dari. Wifi akatazama sakafu. Sindano, ambaye hata kwenye vikao vya mtaa hakuwahi kunyoosha mkono, akasema, "Maji ya damu ya mamba."

Daktari akaacha kuandika. "Rudia."

Akarudia. Akaeleza yote, jinsi yanavyotolewa, jinsi yanavyozungushwa, kwamba hayakuchemshwa wala kuchujwa, kwamba yamekaa kwenye barafu na kwa hiyo nguvu yake haijapungua, kwamba ni mistari kumi ya bomba la insulini na kwamba yameingia chini ya ngozi, si kwenye mshipa. Alieleza habari ya kondoo. Sauti ilimtetemeka mwanzo hadi mwisho, lakini hakuacha kitu.

"Nimesoma miaka mingi," daktari alisema, "na hili sijui hata niliandike kwenye kisanduku gani." Kisha akavua miwani. "Ni kiasi kidogo, na hakikuingia mshipani. Hilo linatusaidia. Lakini sijawahi kumwona mtu wa namna hii, kwa hiyo sitakudanganya. Tutamwangalia pumzi na shinikizo la damu. Na mkojo. Chembe zikipasuka, mkojo utabadilika rangi. Mnampa maji, anakojoa kwenye kikombe kila saa, mnaniletea."

Wakakaa. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na dirisha moja lenye pazia lililokatika pete. Mume alilala chali, glasi ya maji kando yake imepungua kidogo tu, anahesabu feni inavyozunguka. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha manjano. Sindano alikibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakishusha, akakiinua tena. Manjano. Cha pili pia manjano.

Kwenye benchi la nje wifi yake alisogea karibu. "Alinililia, wifi," alisema taratibu. "Tangu tumezaliwa kaka hajawahi kunililia. Hata alipokufa mama hakulia mbele yangu."

"Habari za mamba nimezileta mimi," alisema Sindano. "Na kidonda kile nilikuwa nakiona. Nilinusa."

"Hata mimi nilinusa."

Wote wawili wakatazama mlango wa wodi.

Kikombe cha tatu kilitoka cheusi. Si cheusi hasa. Rangi ya chai iliyokolea. Sindano alipokiinua dirishani, akashika ukingo wa kitanda kwa mkono mwingine. Mume akaona uso wake.

"Niambie," akasema.

Hakumwambia. Alitembea, kisha akakimbia, hadi kwa daktari. Daktari akatazama kikombe, akatoa damu mkononi mwa mgonjwa, akasema ipelekwe maabara upesi. Aliyeipeleka ni Sindano. Fundi wa maabara wa pale alimfahamu tangu siku za zahanati, akamruhusu asimame pembeni mwa mashine. Ukiizungusha damu ya mtu mwenye afya, juu panabaki maji ya manjano. Chembe zikiwa zimepasuka, maji yale yanakuwa mekundu. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake, na maelfu ya mara alikuwa ameitazama mashine kama ile ikizunguka huku akiwaza mboga za jioni. Sasa ilizunguka, ikaguna, ikaanza kupunguza mwendo, na yeye akafumba macho.

"Fungua mwenyewe," alimwambia fundi. "Mimi siwezi."

Fundi akainua mfuniko. Kimya kikawa kirefu kuliko alivyoweza kustahimili, kumbe fundi alikuwa anatafuta karatasi ya kupangusia mrija.

"Manjano," fundi akasema. "Njoo uone. Manjano kabisa. Mkojo umekolea tu, mtu wako hajanywa maji ya kutosha."

Alikwenda akaona. Akauliza kama mrija ni wenyewe. Akasoma jina la mumewe kwenye karatasi mara tatu. Kisha akakaa kwenye kiti cha chuma akalia, na fundi akaendelea na kazi zake akijifanya hasikii.

Jioni hiyo uvimbe wa paja haukuongezeka, na pumzi ya mume ilikuwa sawa. Daktari alikuja akasimama miguuni pa kitanda, akafungua bandeji ya kidonda, akainama, akanyanyuka. "Paja litapona," alisema. "Sasa tuzungumze habari ya mguu."

Mume alishika shuka kwa mikono yote miwili.

"Kidole kidogo na kinachofuata vimekufa. Hivyo sivirudishi. Nikivitoa kesho, mguu utabaki. Ungechelewa wiki mbili nyingine ningekuwa nazungumzia goti."

"Na nikikataa?"

"Utarudi kwa ajili ya goti."

Mume alimtazama mkewe. "Utakuwepo pale?" akauliza.

"Mlangoni," akajibu. "Ndani naogopa."

Vidole viwili vilitolewa Ijumaa asubuhi. Alipohakikishiwa kwamba mumewe ameamka na anadai chai, Sindano alikwenda maabara kwa Mtafiti akamwambia ukweli wote akiwa amesimama. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Mtafiti aliuliza kwanza kama mtu yuko hai. Kisha akatoka nje akakaa huko dakika nyingi, halafu akarudi.

"Ile sahani niliyokuonyesha," alisema, "ilikuwa sahani. Haikuwa mtu. Kutoka pale mpaka kwenye dawa kuna miaka, na huenda isifike. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ile. Nawe ulipaswa kuniambia jana, si leo." Alimpa barua ya onyo. Kijisanduku kikawekewa kufuli, na gari likakatazwa kupita nyumbani. Sindano akawa anaoga huko huko shambani, kwa maji ya pipa, Kamba akimlindia mlango na kuimba kwa sauti mbaya ili ajue yupo.

Mara ya kwanza aliporudi kwenye saruji alishindwa kupata pale panapobonyea. Mamba alikuwa mdogo tu, urefu wa meza. Kamba alibaki amemkalia, hana haraka.

"Tumwachie leo?" aliuliza.

"Hapana. Nishikie tu asigeuze shingo."

Ilimchukua majaribio mawili. Damu ikapanda.

Kidonda cha mume kilifunga mwezi wa tano baada ya upasuaji. Aliyekuwa akikisafisha ni wifi, baada ya muuguzi kumfundisha jinsi ya kunawa na kufunga, na hakuwaruhusu wengine wakisogelee. Kukanyaga cherehani kulimpa tabu mume. Mshono ulikwenda kombo wiki za mwanzo, wateja wawili wakarudisha suruali. Jioni moja akamwomba mkewe amsimulie habari za kazini, kama zamani. Sindano alisita, kisha akasimulia habari ya kondoo, yote, mpaka maji yalivyokuwa maangavu.

"Ungeanza na hiyo," mume alisema.

Kila mwezi wanakwenda pamoja kliniki ya miguu. Muuguzi anamkalisha mume kwenye kiti kirefu, anavuta taa, anaanza kumvua soksi. Sindano husimama kando ya kiti, amemshika mumewe bega, uso ameugeuzia ukutani penye picha ya viatu vinavyofaa na visivyofaa. Muuguzi humwambia, "Mama, geuka, pako salama." Naye huuliza kwanza, "Umetazama na katikati ya vidole?"